Mafundo Kumi na Moja

Mwaka 1906, moshi wa vita vya Maji Maji ukiwa bado haujatulia Masasi, Mjerumani aitwaye Karl Weule alipanda uwanda wa Makonde na kamera, mashine ya kunasia sauti na msururu wa wapagazi. Alitoka Makumbusho ya Leipzig, na kazi iliyomleta ilikuwa kukusanya: vinyago, vyungu, ngoma, nyimbo. Kati ya vitu alivyopewa huko kimo kimoja kisichovutia jicho. Ni kamba ya gome la mti, urefu kama futi moja, yenye mafundo kumi na moja yaliyoachana sawasawa. Aliyempa alimweleza matumizi yake. Mume anayeondoka safari humwachia mkewe kamba ya namna hiyo na kumpitisha fundo kwa fundo. Hili la kwanza ni leo, naondoka. La pili, la tatu na la nne niko njiani. La tano nimefika. La sita nakaa hukohuko, la saba naanza kurudi. Kila siku ufungue fundo moja, usisahau. Siku ya kumi uandae chakula, maana ya kumi na moja ndiyo hii nitakayoingia.

Weule aliiandika habari hiyo katika kitabu chake cha 1908 kama habari ya kalenda, na kalenda ni kweli. Lakini itazame kamba tena. Mwanamume yule bado amesimama uani kwake, miguu haijapata vumbi, na tayari amekwenda na kurudi. Hajui atalala kwa nani, atakula nini, wala mvua itamkuta wapi. Hayo ameyaacha kama yalivyo: hayajulikani, na yeye hajifanyi kuyajua. Ameitembea safari bila kuisafiri. Na mke anayebaki, akihesabu na kuona mafundo sita yamesalia, anajua mume yuko wapi ingawa hakuna aliyemletea habari.

Katika ulimwengu wa kompyuta kuna kazi inayofanana na hiyo kiasi cha kumshangaza mtu, nayo huitwa kuendesha programu kwa alama.

Kwa kawaida programu huendeshwa kwa vitu halisi. Unaipa 7, inaisaga 7, inatoa jibu. Ukitaka kujua itafanya nini na 8, uiendeshe upya, na kwa 9 hivyohivyo, mpaka uchoke. Anayeendesha kwa alama haipi 7 wala 8. Anaipa herufi, tuseme x, na kuiambia iende. Ikifika penye amri ya kuongeza 5, haitoi jibu, bali inabeba "x na 5" na kusonga mbele. Ikifika njia panda penye swali, je, ulichobeba kinazidi 20, haina la kujibu, kwa hiyo inagawanyika. Nakala moja inashika kulia ikiwa na sharti mkononi kwamba x inazidi 15. Nyingine inashika kushoto na sharti la kinyume. Kila njia panda inaongeza sharti. Mwisho wa kila njia kunabaki furushi la masharti, na furushi hilo hukabidhiwa kitatuzi, yaani programu nyingine ambayo kazi yake ni kutafuta thamani zinazoyatimiza masharti yote kwa pamoja. Kitatuzi kikipata, umeshajua ni kitu gani hasa kingemfikisha mtu pale. Kikisema hakuna, umejua kwamba mwisho ule haufikiki, ajaribu nani.

Wazo hili si la jana. James C. King wa maabara ya IBM, jimbo la New York, alilieleza katika makala ya Julai 1976 akitumia mfumo aliouita EFFIGY. Msomaji wa Masasi ana sababu ya kuukumbuka mwaka huo kwa jambo jingine. Tangu 1974 uingizaji wa kompyuta nchini Tanzania ulikuwa umepigwa marufuku. Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, mwaka huohuo wa 1976 alikuwa mkurugenzi mwanzilishi wa Shihata, shirika la habari la taifa, na habari za siku zile zilipigwa kwa taipureta. Ilipofika Machi 2003, Mkapa akiwa Ikulu, Serikali yake ilitoa Sera ya Taifa ya TEHAMA. Kati ya marufuku na sera palipita karibu miaka thelathini. Ajabu ni kwamba wazo la King nalo lililala muda kama huo hukohuko Marekani kwenye kompyuta tele, kwa sababu vitatuzi vya wakati ule vilikuwa dhaifu na masharti machache tu yalivichosha. Uamsho wake ulishika kasi 2008, pale Leonardo de Moura na Nikolaj Bjørner wa Microsoft walipokitangaza kitatuzi cha Z3, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakatoa KLEE. Mkapa aliishi kuuona uamsho huo. Alifariki Julai 2020 na kuzikwa Lupaso.

Wanaoipenda mbinu hii kuliko wote ni vijana wa mashindano ya kunasa bendera. Humo mshindani hupewa programu iliyokwisha kugeuzwa lugha ya mashine, bila maelezo na bila maandishi ya aliyeiandika. Ukiifungua inauliza neno la siri. Ukikosea inakufukuza, ukipatia inakupa "bendera", mstari wa maandishi unaokuletea alama. Kazi ni kurudi nyuma: kutoka kwenye chombo kilichokamilika kwenda kwenye akili ya fundi aliyekiunda.

Chukua mfano wa kitoto. Programu inataka neno la herufi nne ndogo. Ndani ya kompyuta kila herufi ni namba. Herufi a ni 97, b ni 98, hivyo hivyo mpaka z ambayo ni 122. Mtu akiichungulia programu ndani anakuta maswali manne. Je, herufi ya pili na ya nne ni moja? Je, ya kwanza inaizidi ya pili kwa 6? Je, ya tatu inaizidi ya kwanza kwa 9? Je, jumla ya zote ni 425? Ukishindwa swali moja, umefukuzwa.

Asiye na subira atajaribu kila neno. Kwa herufi nne maneno ni 456,976, na kompyuta itayamaliza kabla chai haijapoa. Herufi zikiwa nane, maneno ni 208,827,064,576, na hapo chai inapoa. Anayeendesha kwa alama hajaribu hata moja. Anasema: herufi ya pili na iwe x. Basi ya nne ni x, ya kwanza ni x na 6, ya tatu ni x na 15. Jumla yake ni x nne na 21, nayo sharti iwe 425. Ondoa 21, zinabaki 404. Gawa kwa nne, x ni 101. Namba 101 ni herufi e. Ya kwanza ni 107, k. Ya tatu ni 116, t. Neno ni "kete". Hakuna mlango uliovunjwa. Maswali ya mlinzi yenyewe ndiyo yaliyolitaja jina.

Mzee wa Lupaso au wa Newala akisimuliwa haya atauliza kama si kitendawili tu. Ni kitendawili, na hata adabu yake ni ileile. Mmoja anatega, mwingine anajibu, na anayeshindwa anatoa mji kabla ya kupewa jibu. Nyumba yangu haina mlango: hilo ni sharti. Mtegewa hapitii majina ya vitu vyote duniani. Analishika sharti na kuuliza ni kitu gani kinachoweza kuishi chini yake. Yai.

Ila hapa pana tofauti, nayo ndiyo inayowaponza wengi. Mtoto mmoja akijibu "kaburi", amelitimiza sharti barabara, kaburi nalo ni nyumba na mlango halina. Bibi atamkatalia. Bibi ana jibu lake moja, na hilo jibu liko moyoni mwake, haliko ndani ya maneno ya kitendawili. Programu haina moyo wa kuwekea jibu. Ina maswali tu, na chochote kinachoyapita maswali ni halali. Katika mfano wa "kete", tuseme fundi alisahau swali la nne, lile la jumla. Masharti matatu yaliyobaki yanapitisha maneno mengine pia: "gapa" linapita, "jdsd" linapita, "qkzk" linapita. Ukiyahesabu yote, "kete" likiwemo, yanakuwa kumi na moja, sawa na mafundo ya kamba, ingawa hiyo ni bahati tu. Fundi aliyeiunda programu ataapa kwamba neno lake la siri ni moja. Programu yake inayajua kumi na moja. Mwizi hahitaji lile alilolikusudia fundi. Lolote katika hayo linamtosha, na kitatuzi kwa kuwa hakina aibu kitamletea la kwanza litakalojitokeza, hata kama halitamkiki.

Kwa hiyo mbinu hii inamwambia fundi kitu ambacho bibi hahitaji kuambiwa: ulichokiandika na ulichokikusudia ni vitu viwili.

Mpaka hapa hadithi ni nyepesi mno. Uzito unaanza kwenye njia panda.

Anayesimama ukingoni mwa Newala, pale wenyeji wanapopaita Shimo la Mungu, anaiona nchi ikikatika ghafla na kushuka kwenda bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Juu ya uwanda hakuna mto. Udongo ni wa kichanga, mvua ikinyesha ardhi inaimeza. Kwa vizazi wanawake wa Makonde walishuka genge kufuata maji na kupanda tena na mtungi kichwani, kazi iliyokula nusu siku au siku nzima. Vinjia vya kushukia ni vingi, na kila kimoja kina matawi yake. Mgeni akitaka kuvijua vyote kwa kuvipita kimoja kimoja, kiu itamuua. Hesabu yake ni rahisi na ya kutisha. Njia panda moja inatoa njia mbili, mbili zinatoa nne, tatu zinatoa nane. Njia panda thelathini zinatoa njia 1,073,741,824. Programu ndogo ya kawaida ina njia panda nyingi kuliko hizo kwa mbali, na penye mzunguko, yaani amri inayorudiwa mpaka jambo fulani litimie, kila duru ni njia panda mpya. Kompyuta inajigawa, nakala zinajigawa, kumbukumbu inajaa, mashine inasimama. Ndiyo maradhi ya mbinu hii tangu kuzaliwa kwake, na dawa kamili haijapatikana.

Mwanamke wa Newala hakuwa na tatizo hilo, kwa sababu hakuwa na nia ya kuvijua vinjia vyote. Alijua kisima kiko wapi, na alijua ni vinjia vipi huishia kichakani.

Zana ya angr, iliyotoka Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara na ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua bure, humwomba mtumiaji wake mambo hayohayo mawili: unataka kufika wapi, na wapi usipelekwe. Mshindani huonyesha sehemu ya programu inayotoa maneno ya hongera na kusema, hapa. Huonyesha sehemu inayotoa maneno ya kufukuza na kusema, ukikanyaga huku tupa njia hiyo. Kwa maagizo hayo mawili mabilioni yanaweza kupungua yakabaki makumi. Lakini nani alijua hongera inakaa wapi? Mtu. Aliisoma programu kwanza, kwa macho, kwa saa kadhaa pengine, akatia alama.

Si kwamba mashine ikiachwa peke yake haifanyi lolote. KLEE ilipopelekwa kwenye programu ndogondogo za msingi zinazotumika katika mifumo ya Unix duniani kote, ilifichua makosa makubwa matatu yaliyokuwa yamewapita mafundi kwa zaidi ya miaka 15, ndani ya programu ambazo maelfu ya watu walikuwa wakizitumia kila siku. Tarehe 4 Agosti 2016, mjini Las Vegas, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani, DARPA, aliandaa fainali ya mashine saba zilizopaswa kusoma programu, kuona udhaifu wake, kujiziba na kushambulia wenzake bila mkono wa binadamu. Mayhem, kazi ya watu waliotokea Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilishinda na kuchukua dola milioni 2. Wale wa Santa Barbara walikuwa wa tatu. Mashine zote mbili zilichanganya kuendesha kwa alama na mbinu ya kibabe ya kuitupia programu takataka nyingi uone ipi itaiangusha: takataka hukimbia haraka palipo wazi, na alama huitwa tu panapokuwa na mlango mgumu. Siku hizohizo Mayhem ikaingizwa katika mashindano ya binadamu, timu za binadamu kumi na nne na yenyewe ya kumi na tano. Ikashika mkia.

Mtu asifurahi sana kwa kushindwa huko. Lakini inafaa kuuliza binadamu walikuwa na nini.

Jibu moja liko jikoni. Uwandani humo muhogo ni chakula cha kila siku: humenywa, hukaushwa, hutwangwa, huwa unga. Mpe mtu kibaba cha unga umwambie akurudishie muhogo uleule, na mikunjo yake na kovu la jembe ubavuni. Hawezi, na si kwa kukosa akili. Programu nyingi huliweka neno la siri kwa mtindo huo. Hazilihifadhi lenyewe, hulitwanga kwa kanuni kama ile iitwayo SHA-256 na kuhifadhi unga tu. Ukiandika neno lako, nalo linatwangwa, na unga hulinganishwa na unga. Kuendesha kwa alama kukifika kwenye kinu hicho hakukwami kwa kukosa njia, kwa kuwa njia ni moja na imenyooka. Kunakwama kwa sababu x inatoka kinuni ikiwa imefungwa katika sharti refu na lililosokotana kiasi kwamba kitatuzi kinakaa nalo mpaka umeme ukatike. Mshindani mzoefu akiona kinu hapotezi muda. Anakizunguka, anatafuta kama neno liliachwa wazi mahali kabla ya kutwangwa, au anaanza safari yake upande wa pili wa kinu. Kujua kwamba safari inaweza kuanzia katikati, hicho ndicho zilichokuwa nacho timu zile kumi na nne.

Hapo ndipo pa kuwaambia vijana neno, nao ni wengi siku hizi. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada nzima ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali. Kuna tabia ya kunakili mistari ileile ya angr kutoka shindano hadi shindano, kubadilisha anwani mbili, kubonyeza na kungoja. Ikitoka bendera, kijana anashangilia kama aliyetegua kitendawili, kumbe kuna mwingine aliyekitegua na yeye amepokea mji tu. Isipotoka, hana pa kuanzia. Zana haina kosa. Kosa ni kuishika kabla ya kuisoma programu, sawa na mtu anayefungua mafundo ya kamba ambayo hakuelezwa maana yake; siku zitapita sawasawa na hatajua anamsubiri nani. Na kwa kuwa tupo hapo: programu ya mashindano imetolewa ili ivunjwe, mfumo wa benki haukutolewa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haimuulizi aliyeingia alitumia mbinu nzuri kiasi gani.

Basi faida yake kwa mtu wa Lupaso asiyeshindania bendera yoyote ni ipi? Ipo, nayo inanukia korosho.

Tangu 2007 korosho za Mtwara huuzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, unakwenda ghala kuu, na vyama vikuu kama MAMCU cha Masasi na Mtwara au TANECU cha Tandahimba na Newala vinaunadi. Kwa miaka mingi zabuni za wanunuzi ziliingizwa katika sanduku, na sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima wenyewe, bei zikasomwa kwa sauti, wakakubali au wakakataa. Msimu wa 2024 mnada ulihamia mtandaoni, kwa mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mkulima sasa anaziona bei kwenye skrini. Sanduku alilizoea, alijua lina tundu moja na kufuli moja. Skrini ina nini nyuma yake?

Hakuna tuhuma katika swali hilo. Ni swali ambalo mbinu ya King ilizaliwa kulijibu. Ziache bei za wanunuzi ziwe a, b na c, usizipe namba. Iendeshe programu ya mnada kupitia njia zake zote, na katika kila mwisho ukiulize kitatuzi jambo moja: je, zipo namba zozote ambazo zikiwekwa hapa zabuni ndogo inaishinda kubwa? Kikijibu zipo, kitakupa namba zenyewe, uende nazo kwa fundi ukamwonyeshe. Kikijibu hazipo, na njia zote zimepitiwa kweli, una uthibitisho ambao majaribio elfu kumi hayawezi kuutoa, kwa sababu majaribio husema tu kwamba kosa halijaonekana bado. Programu ya mnada si kubwa kama ya ndege. Kazi kama hiyo wanafunzi wa Dodoma wanaiweza, na ingekuwa vizuri mifumo inayogusa tonge la watu wengi hivi ipitiwe hivyo na matokeo yasomwe kwa sauti ileile iliyosoma zabuni za sandukuni.

Ila mkulima asidanganywe kwamba hapo amelindwa kote. Uthibitisho unaishia pale programu inapoishia. Kangomba, mnunuzi wa vichochoroni anayemfuata mtu mwenye njaa kabla ya msimu na kununua korosho zake kwa kipimo chake mwenyewe, hayumo ndani ya programu. Mizani ya ghalani haimo. Na kuna njia panda ambazo hakuna fundi angezifikiria kuziandika. Msimu wa 2018 wanunuzi walitoa bei, wakulima wakazikataa minadani, na Novemba 12 Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yatazisomba. Iendeshe programu ya mnada kwa alama zote ulizonazo, njia hiyo hutaikuta.

Kamba ile ya mafundo nayo ilikuwa hivyo. Ilikuwa na njia moja tu, haina fundo la mto uliofurika, haina fundo la homa, wala la mwenyeji aliyemng'ang'ania mgeni akae siku mbili zaidi. Mwenye kamba aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Eneo lake lilikuwa limetoka kuchomwa kwa vita mwaka mmoja nyuma. Alifunga mafundo kumi na moja hata hivyo, na mkewe alipika siku ya kumi hata hivyo, na mume akichelewa mke alijua amechelewa kwa siku ngapi. Bila kamba angejua tu kwamba hayupo.

Weule alirudi Leipzig na makusanyo yake, akawa mkurugenzi wa makumbusho yale mwaka 1907, na hakupanda tena uwanda huo.

Kitendawili! Neno la herufi tano. Hapa a ni 1, b ni 2, mpaka z ambayo ni 26, zikihesabiwa hata zile mbili zisizotumika kwa Kiswahili. Herufi ya kwanza inaizidi ya nne kwa mbili. Ya tatu ni sawa na ya kwanza ukiijumlisha na ya nne mara mbili. Ya tano inaizidi ya tatu kwa moja. Ya pili ni jumla ya ya kwanza na ya tano. Zote kwa pamoja ni 60. Chukua kalamu, iache ya nne iwe x. Ukishindwa, toa mji.